Sebule Isiyo na Viti

Watu wengi macho yao ni ya kuepukia bodaboda tu. Nasema hivi nikiwa mtu mzima, nimekaa Kariakoo nyuma ya meza ya vifungo na zipu zaidi ya nusu ya maisha yangu, na muda wote huo nimekuwa nikiwatazama wanavyopita. Mtu anasimama mbele ya boksi la vifungo vya kombe, vile vya zamani vilivyochongwa kutoka ganda la bahari, ambavyo ukivigeuza kidogo vinatoa waridi, halafu kijani, halafu rangi ambayo sijui hata inaitwaje. Anatumbukiza mkono humo kama anachota mchele. Kisha ananiuliza, "Mama, vya plastiki huna?" Ninavyo. Nampa, aende zake.

Sitaki kujifanya nina roho ya malaika. Nina dharau, na umri haujaipunguza. Wenzangu sokoni wanajua, wakiniona nimemkazia mtu macho wanacheka chini chini, wanaambiana, "Leo kaliwa huyo." Lakini sidharau maskini, wala sidharau mtu ambaye hakusoma, maana mimi mwenyewe shule niliiacha njiani. Ninachodharau ni mtu kupita mbele ya kitu cha ajabu huku anatafuta vocha.

Mkusanyo wangu ulianza na kibao cha kinyozi. Nilikuwa napita Msimbazi mchana mmoja nikamwona kinyozi yuko juu ya ngazi, anashusha kibao chake cha mbao kilichochorwa kwa mkono, chini ameegesha bango jipya la plastiki lenye sura ya mchezaji mpira fulani wa Ulaya. Kile kibao kilikuwa na safu za vichwa, kila kichwa na mtindo wake wa nywele. Aliyekichora alikuwa hajui masikio kabisa. Kila kichwa alikipa sikio moja kubwa, limekaa karibu na shavu, na macho yote yanakutazama kama umewakatiza mazungumzo. Nilisimama pale mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nikamuuliza kinyozi hicho kibao anakipeleka wapi. Akasema anataka kukitumia kufunikia mtaro. "Chukua, mama," akaniambia, "kuni hizo." Na yule mchezaji mpira wake alishapauka kabla ya masika, sasa anafanana na mtu aliyeoshwa kwa jiki.

Baada ya hapo mkono haukutulia. Feri, kwenye soko la samaki, nilipata bunju mkavu, amejaa upepo na miiba yake, mdomo wazi kana kwamba alikufa akilalamika. Nyumba ya zamani ilipobomolewa upande wa Posta ili lipandishwe ghorofa la vioo, niliwakuta vibarua wanapasua kizingiti cha mlango chenye nakshi za minyororo na maua. Nikapata kipande chenye urefu wa mkono, kingine kikaishia kuchemshia chai. Nina yai la mbuni. Nina pingili ya mgongo wa nyangumi, pana kama kigoda, iliyotobolewa na wadudu wa baharini mpaka imekuwa kama mkate. Nina kioo cha Kihindi kilichochorwa tausi pembeni, madoa yamekila katikati, ukijitazama unajiona nusu. Nina saa ya kinyozi, nayo nitaieleza mbele. Na nina kinyago cha shetani cha Kimakonde, kazi ya watu wa kwetu kusini, mguu mmoja, jicho moja, na mdomo uko tumboni unacheka. Aliyekiniuzia hakutaka hata kukifunga gazeti. Alisema kinapenda kuona njia.

Vyote hivi viliishi sebuleni kwangu Ilala, kwenye nyumba ya wazazi wetu, nyumba ya kawaida ya korido na vyumba huku na huku. Viti niliviondoa kimoja kimoja, maana kila kitu kipya kilihitaji ukuta na nafasi ya kutazamwa. Mwishowe ikabaki mikeka. Mgeni akija anakaa chini, na akikaa chini analazimika kutazama juu, jambo ambalo halimdhuru mtu.

Aliwahi kuja bwana mmoja wa mambo ya sanaa, mwenyeji wetu tu, amevaa shanga shingoni na viatu vya ngozi bila soksi. Alikaa mkekani akazungumza kuhusu dhana, na simulizi, na nafasi. Hakunyanyua macho hata mara moja kukitazama kile kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake. Aliponiomba nimuuzie nikamwambia kaka, chai imekwisha.

Lakini vitu vyenyewe sikuvikusanya kwa ajili yangu. Nilivikusanya kwa ajili ya mtu mmoja. Mdogo wangu wa kike alifariki akaacha binti bado anatambaa, na baba wa mtoto alishapotelea Afrika Kusini kutafuta maisha, hata salamu hatumi. Nikamchukua mtoto. Akakulia kwenye sebule ile, akijifunza kusimama kwa kushika pingili ya nyangumi. Ananiita mamkubwa, na sina mtoto mwingine. Nilikuwa nikimbeba kiunoni nikimwonyesha: tazama sikio la huyu, tazama tausi. Nikawa na nia moja, na niliisema wazi kwa kila aliyenisikiliza: siku nikifumba macho, vitu hivi vinabaki kwa mwanangu huyu, na yeye atavitazama kama ninavyovitazama mimi. Dunia nzima ikiwa kipofu, walau mmoja nimemfumbua macho mwenyewe. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Binti akakua, akapata kazi kwenye duka la dawa, akapata na mchumba. Kijana anauza simu Kariakoo, mpole, anaamkia kwa kuinama, hana neno. Wazee wake wakaleta salamu kwamba wanakuja na posa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mjomba na ndiye angekaa na wanaume kupokea maneno, akaingiwa na homa.

Huyu mdogo wangu ana kazi ya ofisini Posta, na ana sebule yake huko Tabata ambayo anaiona ndiyo kipimo cha ubinadamu. Makochi yake aliyanunua yakiwa yamefungwa nailoni, na nailoni hajaitoa mpaka leo. Joto likipanda ukikaa unanasa. Ukiinuka unasikia sauti ya plasta inabanduliwa. Ukutani hana kitu zaidi ya kalenda ya benki.

"Dada," akaniambia, "nakuomba. Kwa heshima ya marehemu. Hiyo sebule iwe kama sebule za watu."

"Za watu gani?"

"Watu wa kawaida, dada. Toa hayo mambo, tuazime viti."

Nikamwambia sitoi kitu, wageni watakaa mkekani kama babu zao walivyokaa. Akanibembeleza, akanipigia magoti ya simu kila asubuhi. Mwisho tukakubaliana jambo moja: angalau yule shetani afunikwe, asiwatishe watu wazima wenye presha. Hilo sikuona ubaya wake. Dukani kwangu nilikuwa na kipande cha satini kimebaki, chekundu, kizuri, nikamfunika nacho vizuri mpaka chini. Na kwa kuwa wageni wa posa hawapokelewi na harufu ya dagaa wa jirani, nikawasha udi, mwingi, sebule nzima ikafuka. Nikamaliza, nikasimama mlangoni nikaona mambo yamekaa sawa.

Sasa wewe uliyezaliwa nchi hii fikiria alichokiona mgeni. Chumba hakina kiti. Moshi wa udi. Kioo chenye madoa. Samaki wa miiba ananing'inia darini kwa uzi. Yai kubwa kwenye kona. Mfupa. Na katikati ya ukuta, kitu kirefu kimefunikwa kitambaa chekundu. Mimi niliyekuwa nimevizoea sikuliona hilo. Aliyekuwa anaingia alikuwa anaingia kilingeni kwa mganga.

Wanaume walibaki barazani na mdogo wangu. Wanawake wakaingia ndani wakiongozwa na shangazi wa kijana, mama wa haja, anauza vitenge vya jumla, mikono yote dhahabu mpaka inamchosha kuinyanyua. Alivuka kizingiti huku anasema "Hodi jamani," na ile "jamani" haikuisha.

"Karibuni, karibuni," nikasema. "Shukeni chini, hapa ndio kwetu."

Wakashuka chini, wamebanana kama wako nyuma ya pikapu. Nikawaletea juisi ya ukwaju niliyoikamua mwenyewe. Tukaulizana hali. Shangazi alikuwa anajibu huku macho yanatembea ukutani, yakafika kwenye saa, yakagoma kuondoka.

Ile saa ni hivi: iliundwa kwa ajili ya kinyozi, itundikwe nyuma ya mteja. Namba zake zimegeuzwa na mishale inazunguka kinyume, ili mteja aliyekaa kitini akiitazama kwenye kioo aione sawasawa. Ni akili kubwa mtu alitumia pale. Kila nikiitazama moyo unafurahi.

"Dada," shangazi akasema polepole, "hii saa yako mbona inarudi nyuma?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Irudi nyuma?"

"Ndiyo. Inafanya kazi vizuri tu. Ukitaka kuielewa uitazame kwenye kile kioo."

Niliona midomo ya wenzake ikianza kucheza, wanasoma dua. Ningeweza kueleza zaidi. Lakini nilishaanza kuwachukia kwa vile walivyokuwa wanatazama, wanatazama wasione, nikaona nisijisumbue. Na hapo ndipo umeme, ambao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, uliporudi. Pangaboi likakurupuka. Kile kitambaa cha satini kikapanda juu, kikaelea, kikamwangukia shangazi kichwani, na pale kilipotoka akabaki yule bwana wa mguu mmoja anacheka kwa tumbo.

Sijawahi kuona watu wanene wakiinuka kwa wepesi namna ile. Shangazi alitoka hajatafuta kiatu, akavaa cha mwenzake. Barazani wanaume walikuwa ndio kwanza wamefika kwenye maneno ya "tumeona ua zuri bustanini kwenu". Wakachukuliwa mikono, ua likabaki hewani. Nilirudi ndani nikakuta glasi za juisi zimejaa kama nilivyozimimina. Hakuna aliyegusa. Kwetu mtu asipokunywa nyumbani mwako hahitaji kukwambia neno jingine.

Ujumbe ulikuja kwa mdogo wangu kabla ya wiki kuisha. Binti hana tatizo, wanampenda. Ila nyumba isafishwe. Aitwe mtu asome, na vile vitu vyote vichomwe moto hadharani, waone wenyewe majivu. La sivyo, posa wanaiondoa.

"Dada, tuvichome tu," mdogo wangu akasema, amekaa mkekani kwangu na suruali yake ya ofisini, anajifuta jasho. "Kwani ni nini? Mbao na mifupa."

"Na makochi yako ni nini? Sponji na nailoni."

"Dada, mtoto atakosa mume!"

Pale ndipo iliponichoma, maana alikuwa anasema kweli. Binti alikuwa mlangoni anasikiliza, macho yamevimba. Nikamuuliza yeye anasemaje. Akainamisha kichwa akanijibu, "Mamkubwa, fanya unavyoona wewe." Nikamkumbatia. Nililichukua jibu lile kama mtu aliyepewa silaha. Nilijua mwanangu yuko upande wangu, na ndoa yake nitaipigania bila kuchoma hata mwiba mmoja wa bunju.

Kariakoo nako habari zilikuwa zimeshafika, zimetiwa chumvi na pilipili. Wenzangu wa meza za jirani walianza kuniamkia kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona. Mama mmoja alikuja dukani amejitanda ushungi mpaka puani, akainama kwenye boksi la zipu, akaninong'oneza, "Mama, nimeambiwa unasaidia. Mume wangu hatulii."

"Hatulii wapi?"

"Anatoka toka."

Nikamuuzia zipu, ya chuma, ndefu, imara. Alinishukuru sana akaondoka ameishika kwa mikono miwili. Sijui alikwenda kuifanyia nini na sitaki kujua.

Nililala nikiwafikiria watu wa aina ile ya shangazi, na kadiri nilivyowafikiria ndivyo nilivyozidi kuwadharau, na ile dharau ndiyo iliyonipa dawa. Nilijiuliza: hawa watu wanaogopa nini kuliko shetani? Wanaogopa kuonekana washamba. Na nani anaweza kuwaambia wao ni washamba, wakamwamini pale pale bila kumuuliza swali?

Nilikuwa na mteja wangu mmoja mzungu, mama wa makamo anayeshona mikoba, anayekuja kununua vifungo vya kombe. Alishaniomba mara nyingi aje kuona nyumbani, nami nikawa namzungusha. Safari hii nikamwambia karibu. Kisha nikamtuma mdogo wangu kwa shangazi: aje yeye mwenyewe na wenzake washuhudie nyumba inavyosafishwa. Siku ile ile, saa ile ile. Mdogo wangu alifurahi akadhani nimekata shauri la kuchoma, akaja na dumu la mafuta ya taa.

Shangazi aliposimama kizingitini, shali puani, tasbihi mkononi, mzungu wangu alikuwa tayari amelala chali kwenye mkeka, simu juu, anampiga picha bunju.

"Nzuri sana!" anasema. "Nzuri sana!"

Nitasema haki: na yeye alikuwa hajui anachotazama. Kila kitu kwake kilikuwa nzuri sana. Alipiga picha kibao, akapiga picha kizingiti, akapiga picha ungo wangu wenye dagaa niliokuwa nachambua, akapiga picha ndoo ya kudekia. Kipande cha uzi kingemwangukia angekipiga picha. Lakini sikumwita kwa ajili ya macho yake. Kila simu ilipotoa mlio, niliona uso wa shangazi ukilainika kidogo, shali ikashuka kutoka puani hadi kidevuni. Mzungu akampigia magoti yule shetani, akamgusa ule mdomo wa tumboni kwa kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha shuleni kwamba vitu kama hivi, kwao, vinawekwa kwenye nyumba kubwa na watu wanapanga foleni.

"Wanapanga foleni?" shangazi akauliza.

"Ndiyo. Foleni ndefu."

Shangazi akaivua shali. Akaingia. Akakaa mkekani, akajinyoosha.

"Kumbe antiki!" akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza jambo alilolijua tangu tumboni mwa mama yake. Akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Nyie mkaanza kukimbia." Akanigeukia mimi. "Mkwe wangu, na hii saa nayo ni antiki?"

"Nayo."

"Inarudi nyuma makusudi?"

"Makusudi."

"Wee! Watu wana akili jamani." Akanywa juisi. Akaomba nyingine, akaomba na barafu. Kisha akasogea karibu akaniuliza kwa kubembeleza, sasa hivi vitu, mtoto akiolewa, ataondoka na vipi, maana na yeye pale kwake ana ukuta mtupu. Mdogo wangu alikuwa amesimama koridoni na dumu lake la mafuta ya taa, hajui aliweke wapi. Siku mbili tatu baadaye nikasikia huko ofisini kwake anawaambia watu kwamba familia yetu ni ya wapenda sanaa tangu zamani.

Yule shetani ni yule yule. Hakupungua jicho wala kuongezeka mguu. Jana alikuwa wa kuchomwa moto, leo anagombewa, na katikati hapo hakuna aliyemtazama, si shangazi, si mzungu, si mdogo wangu. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Ushindi ule ulikuwa mtamu, na nilijisikia mkubwa kuliko wote.

Posa ikapokelewa, tarehe ikapangwa. Alasiri moja, sokoni nimefunga mapema, nikamwita mwanangu sebuleni. Jua lilikuwa linaingia dirishani, limekilenga kile kioo cha tausi na kutawanya vipande vya mwanga ukutani. Nikamwambia akae. Nikamwambia nilichokuwa nimekisubiri tangu akiwa anatambaa: kwamba asisubiri nife. Achague anachotaka aende nacho kwake, na akitaka vyote achukue vyote, mimi nitakuwa nakuja kuvitazama kwake kama mgeni.

Akazungusha macho chumba kizima, kitu kimoja kimoja, kwa heshima, kama mtu anayeaga.

"Mamkubwa," akasema, "hivi vitu navipenda kwa sababu ni vyako. Nikikuona unavifuta vumbi nafurahi. Lakini kwangu..." Akanishika mkono. "Usinielewe vibaya. Kwangu nataka sebule yenye viti. Mtu akija akae."

"Hata kimoja?"

"Hapana, mamkubwa. Nisamehe."

Maneno ya kumwambia mtu yeyote mwingine nilikuwa nayo mengi, nimeyanoa miaka na miaka. Nilimtazama nikitafuta ile dharau yangu, nayo haikuja. Yalikuja machozi, nikajifanya udi umeniingia machoni, wakati hata udi sikuwa nimewasha.

Akanifuta kwa kanga yake. Kisha uso ukamchangamka ghafla, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kuniomba kitu. "Ila kuna picha moja nimeiona dukani, Kariakoo, karibu kabisa na kwako. Ndiyo ninayoitaka ukutani. Kesho twende ukaione, nakuomba. Mpaka wewe uione ndio ninunue."

Kesho yake tukaenda. Duka lenyewe nalijua. Nalipita kila siku nimegeuza shingo. Wanauza zile picha za Kichina za umeme, maporomoko ya maji yenye fremu ya dhahabu bandia, na msitu, na swala wawili, na upinde wa mvua. Muuzaji akaichomeka. Ikawaka bluu. Maji yakaanza kuteremka, ndege wakaanza kulia kutoka kwenye kispika kilichofichwa, kila baada ya muda ndege yule yule.

"Maji yanatembea, mamkubwa," akaninong'oneza.

"Ni taa," nikamwambia. "Na plastiki inazunguka kwa nyuma. Kuna mota."

"Najua," akasema. "Lakini tazama."

Nikamtazama yeye. Mwanga wa bluu ulikuwa unateremka usoni pake, kwenye paji, kwenye mashavu, na mdomo ulikuwa wazi kidogo, na macho yalikuwa yamesahau kwamba mimi nipo, na duka lipo, na watu wanatusukuma kwa mabegi wapite. Ule uso niliusubiri miaka yote. Niliusubiri mbele ya kibao, mbele ya tausi, nimembeba kiunoni mpaka mgongo unauma. Sikuwahi kuuona sebuleni kwangu hata siku moja.

Roho iliniuma sana. Na bado nisingetaka uso ule uishe.

Muuzaji akachomoa waya, akaanza kuirudisha ile picha kwenye boksi lake huku anatueleza habari za waranti. Nikamshika mkono nikamwambia aiwashe tena.